Shajara ya mradi: Land Cruiser HZJ80 ya mnadani

Gari na kazi yake

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, chesesi HZJ80, injini 1HZ ya dizeli isiyo na tabo (turbo), silinda sita, cc 4,164. Giaboksi ya mkono, fo wili ya muda wote, na difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ina swichi ya kuifunga. Lilikuwa gari la mradi wa wafadhili, likauzwa mnadani Dar es Salaam. Linatakiwa libebe watu watano pamoja na maji na mafuta ya akiba, lihimili barabara za changarawe, na lisikwame kizembe kwenye udongo mweusi wa mbugani masika yakianza.

Utaratibu wa kazi ni mmoja: kinachovuja na kinachocheza kinatengenezwa kabla ya kinachopendeza. Springi mpya juu ya bushi zilizokufa ni hela imetupwa, na tairi kubwa kwenye beringi zilizolegea ni kujitafutia ajali.

Ununuzi

Land Cruiser za 80 zilianza kuuzwa mwaka 1990, na nafasi yake ikachukuliwa na 100 mwaka 1998. Kwa hiyo hata changa kabisa ni gari kuukuu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania magari chakavu huongezewa ushuru, kwa hiyo la maana ni kutafuta lililokwisha kuwemo nchini. Magari ya miradi na mashirika yana faida ya kuwa na kitabu cha sevisi, lakini yana mtego wake: mengi yaliingia kwa msamaha wa kodi. Likihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Hakikisha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kodi hiyo imelipwa na nani kabla ya kunyanyua mkono mnadani, maana nyundo ikishagongwa deni linaweza kuwa lako.

Kuhusu injini, 1HD-T yenye tabo inavuta vizuri zaidi, ila beringi zake za konrodi huisha mapema kuliko inavyostahili. Kama hakuna ushahidi kwamba zimebadilishwa, weka gharama hiyo kwenye bei. 1FZ ya petroli ina nguvu na unyamavu, lakini inakunywa. 1HZ ni nzito kilimani, hilo halina ubishi. Imechaguliwa kwa sababu ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye zile Cruiser za mkonga (bomba la kuvutia hewa juu) za polisi, za hospitali na za watalii, kwa hiyo spea ziko Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, na fundi wa wilayani anaifungua bila kuuliza.

Ukaguzi ulianzia kwenye namba. Namba ya chesesi imegongwa kwenye boriti ya kulia mbele, karibu na gurudumu. Piga brashi ya waya hadi isomeke, ilinganishe na bamba lililo chumba cha injini na kadi ya gari. Namba ya injini nayo iko kwenye kadi, kwa hiyo injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa ni usumbufu utakaourithi.

Kisha injini, na iwe baridi. Weka kiganja juu yake kabla ya kuiwasha. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto mwambie utarudi kesho asubuhi. Moshi mweupe unaokata baada ya dakika moja, injini ikitetemeka, mara nyingi ni hita plagi zilizochoka. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga mafuta ni nozeli, pampu, au chujio la hewa lililoziba. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Kupumua kidogo ni kawaida ya dizeli ya umri huu, lakini mfuniko ukirukaruka juu ya tundu lake, ringi zimekwisha. Mfuniko wa rejeta unafunguliwa injini ikiwa baridi, kabla ya kuwasha, na hapo hapo unatazama maji huku injini ikinguruma. Mapovu yasiyokata ni gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Ukipata nafasi ya kupima kompresheni, tofauti kati ya silinda yenye nyingi na yenye kidogo isizidi bar 5.

Bodi ya 80 huoza penye maji yanayotuama: pembe za kioo cha mbele chini ya mpira, mifereji ya paa, ukingo wa chini wa mlango wa nyuma, na nyuma ya matairi ya nyuma. Sumaku iliyofungwa kitambaa chepesi inatosha kugundua penye bodifila. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Unguja likaguliwe mara mbili, chumvi haina haya.

Difu ya kati ijaribiwe kwenye vumbi, kamwe si kwenye lami. Mota ya kuifunga hukwama kwa kutotumika. Ukiingiza low (gia nzito) inatakiwa ijifunge yenyewe na taa iwake kwenye dashibodi.

Yaliyoonekana kwenye gari hili: uji mweusi wa grisi na oili ndani ya rimu zote mbili za mbele, mlio wa "kong" kila ukikanyaga na kuachia mafuta, usukani wenye nafasi, rejeta chafu, kutu changa pembe moja ya kioo. Injini safi. Bei ilishushwa kwa hoja ya ekseli ya mbele, na hiyo ndiyo hoja ya kushikilia kwenye 80 yoyote, kwa sababu ukiinama chini ya gari hakuna muuzaji anayeweza kuibishia.

Injini na upozaji

Taimingi belti imebadilishwa bila mjadala, pamoja na tensheni yake, sili ya mbele ya kamshafti na ya krenki. Ratiba ni kilomita 100,000. Ile taa ya T-BELT haihisi hali ya belti, inahesabu kilomita tu, na kwenye gari ambalo dashibodi imewahi kufunguliwa haina maana yoyote. Belti ya 1HZ ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Sili zinawekwa mpya hata kama hazivuji kwa sababu oili ikidondokea belti mpya umerudi ulikoanzia.

Rejeta imetolewa nje. Kati yake na kondensa ya AC kulikuwa na tabaka la tope na mbegu za nyasi lililokauka kama mkeka. Limeoshwa kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi na unakuwa umeziba zaidi. Termostati mpya ilichemshwa kwanza kwenye sufuria na kipimajoto ili kuona kama inafunguka kwenye joto lililochongwa juu yake, maana feki ni nyingi. Maji ya rejeta ni kulenti nyekundu ya Toyota, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri. Maji ya bomba ndiyo yaliyoijaza rejeta ya zamani magamba.

Klachi ya feni ilikuwa imelegea: injini ya moto ikizimwa, feni iliendelea kuzunguka yenyewe. Haikununuliwa mpya. Inafunguliwa, silikoni ya zamani inamwagwa, inajazwa silikoni ya Toyota ya mnato 10,000, inayouzwa kwenye vichupa vya mililita 18. Kazi ya saa moja, na tofauti inasikika kwa sikio mara injini ikipata joto.

Mkono wa temperecha wa 80 una udanganyifu wa kiwandani. Ukishafika katikati unakaa hapo hapo hata joto likipanda sana, na ukianza kuondoka hedi tayari iko hatarini. Imeongezwa geji nyingine yenye kengele. Kihisio chake kimebanwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi karibu na termostati, si ndani ya paipu ya maji. Paipu ikipasuka na maji yakaisha, kihisio cha ndani ya paipu kinapima hewa na kukuambia mambo ni shwari.

Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta ya taa yakichanganywa humo yanaikausha na kuila. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 na uchakachuaji ukapungua, lakini dizeli ya madumu barabarani haina kinasaba cha kukutetea. Chini ya chujio kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifunguliwe kila sevisi.

Tabo ya kuongeza imekataliwa. Vyumba vidogo vya kuchomea mafuta kwenye hedi ya 1HZ hupasuka joto la ekzosi likizidi, na bila geji ya joto hilo na fundi wa pampu anayejua kupunguza, unanunua kasi ya miezi michache kwa hedi moja.

Ekseli ya mbele

Hapa ndipo muda na pesa vilikokwenda, na ndiko vinakostahili.

Ile supu ndani ya rimu inatokana na sili ya ndani ya shafti. Ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye bakuli la ekseli, yaani lile pande la chuma linalozunguka tufe tairi likikata kona, inayeyusha grisi ya sivijointi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona) na kuisukuma nje. Hasara ni mbili kwa mpigo: difu inapungua oili na sivijointi inafanya kazi bila grisi nzito. Kuongeza grisi kwa juu, kama wengi wanavyofanya, ni kuahirisha tu.

Vilivyonunuliwa kwa pande zote mbili: seti ya sili na gasketi, sili za ndani 2, sili za habu 2, beringi za magurudumu 4 na vikombe vyake, beringi za juu na chini za bakuli 4, bushi za shaba za spindo 2, saklipu, washa za koni za flenji 12, flenji 2, na kilo 2 za grisi ya molibdeni. Beringi zote Koyo. Zipo za nusu bei zenye boksi linalofanana. Maandishi ya leza kwenye chuma chenyewe ndiyo ya kutazama, si boksi.

Kifaa kisichokwepeka ni boksi spana ya mm 54 kwa nati za beringi. Gari hili, kama mengi, lilikuwa na nati zilizoliwa na patasi. Nati iliyogongwa kwa patasi haiwezi kukazwa kwa kipimo, na beringi isiyokazwa kwa kipimo ndiyo inayokufia porini.

Washa za koni haziondoki kwa kuvutwa. Legeza nati hadi usawa wa ncha ya stadi, kisha gonga stadi kwa pande la shaba, koni zinaruka zenyewe. Ukigonga kwa nyundo ya chuma bila nati kuwapo, uzi unaharibika.

Baada ya kufungua, kila kitu kimeoshwa kwa dizeli, kisha kikafutwa mpaka kikavu kabisa. Grisi mpya haishiki juu ya mabaki ya oili. Shafti ikaguliwe penye mstari unaong'aa ambapo sili ilikuwa inakaa. Ukucha ukikwama kwenye mstari huo, sili mpya igongwe ndani milimita moja au mbili zaidi ili ikae penye chuma kizima. Hapa ukucha ulikwama upande wa kushoto, na ndivyo ilivyofanyika.

Sivijointi za zamani zilikuwa zinalia kidogo kwenye kona kali. Zimebadilishwa upande: ya kulia imekwenda kushoto na ya kushoto kulia. Mipira ndani yake huchimba upande mmoja wa njia yake kwa sababu gari huenda mbele zaidi ya kurudi nyuma. Ukizibadili, upande usiochoka ndio unaobeba. Mlio umekwisha bila kununua mpya.

Bushi ya shaba ndani ya spindo watu huiruka kwa sababu haionekani. Ikiisha, shafti inayumba na kuila sili mpya, na baada ya muda mfupi supu inarudi. Bakuli linajazwa grisi robo tatu, si kulishindilia.

Kukaza beringi za magurudumu: nati ya kwanza Nm 59 huku habu ikizungushwa, ilegezwe hadi izunguke kwa mkono, ikazwe tena kidogo kidogo, kisha washa ya kufungia na nati ya pili Nm 64, halafu mdomo wa washa ukunjwe. Habu izunguke kwa uzito kidogo, isicheze ukiishika juu na chini. Nati za mkono wa usukani chini ya bakuli ni Nm 96, na hizo ni za kurudiwa kwa toki renchi baada ya safari ya kwanza. Zikilegea, stadi zinakatika na gurudumu linabaki bila usukani.

Ule mlio wa "kong" ulikuwa flenji, kile kifuniko chenye meno kinachounganisha shafti na habu. Kwenye fo wili ya muda wote flenji inafanya kazi kila mita, na meno yake yaliyolika yanapiga kila ukiachia mafuta. Mafundi wengi hukimbilia kufungua difu. Anza na flenji, ni nati sita tu.

Oili mpya: difu ya mbele karibu lita 2.8, ya nyuma karibu lita 3.25, zote GL-5 80W-90. Fungua kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia. Usipoweza kukifungua, angalau difu haijawa tupu.

Springi na kasta

Springi za kunyanyua mm 50 na shokapu za urefu unaolingana. Kabla ya kufungua, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, uandike. Mbele lilinyanyuka zaidi ya ilivyotangazwa. Hilo si kosa la springi: zilizochaguliwa ni za gari lenye bampa ya chuma na winchi, na wakati huo havikuwapo. Ukinunua springi nzito kisha usifunge mzigo, gari litapanda kama fahali na litaruka kila shimo.

Kunyanyua kunadai malipo mahali pengine, na hapa ndipo wauzaji wa seti za kunyanyua wanaponyamaza. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, kwa hiyo ukinyanyua bodi ekseli inajipindua na kasta (pembe ya kulala nyuma kwa mhimili wa usukani) inapungua. Kiwandani ni karibu digrii 3. Mm 50 zinaondoa karibu digrii mbili, na dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga ukizidi kilomita 80 kwa saa. Zimefungwa bushi za kasta zenye tundu la pembeni. Mshale wake lazima uelekee alikoelekeza mtengenezaji. Zikigeuzwa zinaondoa digrii badala ya kuongeza, na kosa hilo ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa.

Bolti za bushi zote zilikazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejisokota muda wote na unachanika mapema.

Vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo ina mkono unaoungana na ekseli. Bodi ikipanda, vali inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Mkono umesogezwa juu kwa kiasi kile kile cha kunyanyua. Paipu za breki zimeongezwa urefu, na pumuzi za difu (vitundu vyake vya hewa) zimepandishwa hadi chumba cha injini. Difu ya moto ikizamishwa mtoni inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia pumuzi au sili.

Matairi

Ya kiwandani ni 275/70R16, kipenyo mm 791. Wengi hukimbilia 285/75R16, yenye mm 834. Ni ongezeko la asilimia 5.4, na maana yake spidomita ikisoma 80 unakwenda 84, na kila gia imekuwa ndefu. Kwenye 1HZ isiyo na tabo, ikiwa na mzigo, hiyo ndiyo tofauti ya kupanda mlima Kitonga kwa gia ya tatu au ya pili. Pia hugusa mikono ya ekseli usukani ukikatwa mwisho, mpaka urekebishe bolti za kuzuia kona.

Imechaguliwa 265/75R16 yenye kuta za tabaka nyingi, mm 804, ongezeko la asilimia 1.6 tu. Ni nyembamba, inakata tope hadi penye udongo mgumu, na gia zinabaki kama zilivyokuwa. Haitazamwi sana kwenye maegesho. Nati za rimu za chuma Nm 147, za aloi 103.

Mkonga, winchi, umeme

Tundu la mkonga limechimbwa kwa kiolezo cha karatasi kilichobandikwa kwenye madigadi, kingo zikapakwa praima na rangi kabla ya kufunga. Chuma kilichokatwa na kuachwa wazi kinaoza masika ya kwanza. Viungio vyote vina silikoni na klempu, na mpira wa kutolea vumbi chini ya boksi la chujio ni mpya. Jaribio lake: injini ikinguruma, ziba mdomo wa mkonga kwa ubao. Isipozimika, inavuta hewa kwingine, na maji yatapita huko huko. Ya kwetu ilikataa kuzimika hadi kifuniko cha boksi kilipowekwa sili mpya.

Winchi: gari likiwa limesheheni tani 3, zidisha kwa moja na nusu, tani 4.5, karibu ratili 9,900. Imechukuliwa ya 12,000, yenye kamba ya sintetiki. Waya wake unatoka betri moja kwa moja kupitia swichi kuu. Taa mbili za ziada za wati 55 zinakula ampea 9 na kidogo: relei, fyuzi ya 15 karibu na betri, waya wa mm 2.5 za eneo.

Hali ya sasa

Baada ya kilomita elfu ya kwanza, nyingi zikiwa za changarawe, nati mbili za mkono wa usukani upande wa kulia zilikubali kukazwa robo ya mzunguko. Rimu za mbele kavu ndani. Springi zimekaa chini kidogo baada ya winchi kufungwa, na vipimo vya mbele na nyuma sasa vinakaribiana. Kwa tangi la lita 95 na ulaji wa lita 14 kwa kilomita 100, linafika kilomita 680 hivi.

Yanayosubiri: fimbo ya panhadi ya mbele inayorekebishika, kwa kuwa ekseli imesogea pembeni milimita kadhaa, pembe ya kioo yenye kutu itakayosubiri kioo kitolewe, na mtetemo mdogo wa propela ya mbele kati ya kilomita 60 na 70 kwa saa. Huo unashukiwa kutokana na bushi za kasta, maana zinaporudisha kasta zinainamisha pua ya difu pia. Msalaba wa propela utabadilishwa kwanza, ndio wa bei ndogo.